Usia wa Mdomo Miongoni mwa Abagusii: Historia ya Kauli ya Mwisho

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapotaja usia, aghalabu huanzia Pwani, kwenye Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mtunzi wake alikuwa mgonjwa, akamwachia bintiye maneno yaliyodumu kwa kuwa yaliandikwa. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, kauli ya anayekaribia kufa ilikabidhiwa masikio, si karatasi. Makala haya yanadai kwamba kauli hiyo nayo ni utanzu wa fasihi simulizi, na kwamba historia yake haieleweki pasipo kuzingatia mpangilio wa boma.

Mpangilio huo ulielezwa na Philip Mayer katika miaka ya 1940, kisha na Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake mwaka 1955. Boma la mume wa wake kadhaa liligawanyika katika nyumba, kila mke na wanawe wakiwa na haki zao. Ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa wa nyumba yake, na kwa kawaida walitumika kumlipia mahari kaka yake wa tumbo moja. Baba alipowatoa kwa ajili ya mwana wa nyumba nyingine, lilizuka deni baina ya nyumba hizo mbili. Deni hilo halikuwa na hati. Shahidi wake mkuu alikuwa baba mwenyewe. Akifa kimya, wanawe waliweza kurithi ugomvi. Kujiandaa kufa, basi, kulikuwa kwanza ni kuweka hesabu wazi mbele ya watu.

Kaburi nalo lilizungumza. Mwanamume alizikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mwanamke upande wa kushoto. Kwa hiyo, mzee aliyetaja mipaka ya mashamba ya wanawe alikuwa pia akitaja ardhi atakamolala.

Sheria ya Urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, iliutambua usia wa mdomo, lakini kwa masharti: usikiwe na mashahidi wasiopungua wawili, na msemaji afariki katika muda wa miezi 3. Hapa pana mgongano. Mgonjwa aliyeusia kisha akaishi miezi 6 hana tena usia machoni pa sheria hiyo, ilhali kwa watoto waliomsikia neno la baba halikuwekewa kikomo. Aidha, anayefia hospitalini, mbali na jamaa zake, huenda asipate hadhira ya kumsikiliza.

Kwa mhakiki, ugumu wa utanzu huu uko kwa fanani. Mtambaji wa ngano aweza kuombwa arudie. Mwenye kuusia hutamba mara moja tu, na matini hubaki kwa hadhira yenye masilahi ndani yake. Ndiyo maana nakala za wana wa nyumba mbili hutofautiana. Tofauti hizo zisichukuliwe kuwa uharibifu wa matini asilia. Kila nakala yafaa ikusanywe pamoja na nafasi ya msimulizi wake katika boma, kabla ya mashahidi wenyewe kutoweka.