Jeneralisimo

Jeneralisimo ni cheo cha juu kabisa cha kijeshi, kinachomweka mwenye nacho juu ya majenerali na mafildimasha wote. Jina hilo limetoka Kiitalia, na Kihispania nacho kina umbo lake. Hutolewa kwa nadra, na mwenye nacho huwajibika kwa mtawala peke yake, au ndiye mtawala mwenyewe.

Albrecht von Wallenstein aliongoza kwa cheo hicho majeshi ya Kaizari wa Dola Takatifu la Kiroma katika Vita vya Miaka Thelathini. Urusi ilimtunuku jemadari wake Aleksandr Suvorov cheo hicho mwaka 1799. Katika karne ya 20 cheo kiliegemea zaidi siasa. Francisco Franco wa Hispania, aliyechaguliwa na majenerali wenzake waasi mwaka 1936, alibaki nacho hadi alipofariki mwaka 1975. Rafael Trujillo alikitumia katika Jamhuri ya Dominika. Josef Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, alikipata Juni 1945, siku tatu baada ya gwaride la ushindi mjini Moscow, lakini aliikataa sare ya mapambo aliyobuniwa, akaendelea kuvaa ya umarshali. Chiang Kai-shek wa China aliitwa hivyo hasa na wageni.