Mansplaining

Mansplaining ni neno la Kiingereza linalotaja tabia ya mwanamume kumweleza mwanamke jambo kwa kujifanya mjuzi, akidhani tu kwamba mwenzake halijui, ilhali pengine analijua kumzidi. Daktari wa kiume anayemfafanulia mgonjwa wa kike maradhi yake hahesabiwi hapa. Mgonjwa wa kiume anayemsomesha daktari wa kike udaktari ndiye hasa anayelengwa.

Muundo

Neno hili limeundwa kwa uhulutishaji, mbinu iliyozaa "chajio" kutokana na "chakula cha jioni". Sehemu ya kwanza ni man, yaani mwanamume; ya pili imekatwa kutoka explain, kueleza, kitenzi chenye asili ya Kilatini explanare, "kusawazisha, kufanya tambarare". Kipande splain sasa huunganishwa na maneno mengine: whitesplaining, kwa mfano, ni Mzungu kuwaeleza watu weusi habari za ubaguzi wa rangi.

Asili

Chimbuko lake huhusishwa na insha ya mwandishi Mmarekani Rebecca Solnit, Men Explain Things to Me, iliyotoka mwaka 2008. Solnit anasimulia karamu moja huko Aspen, Colorado, ambako mwenyeji wake alimuuliza anaandika nini. Alipomtaja Eadweard Muybridge, mpigapicha wa karne ya 19, mwenyeji alimkatiza na kuanza kumsifia kitabu muhimu kilichotoka karibuni kuhusu mtu huyo. Rafiki wa Solnit alilazimika kurudia mara kadhaa kwamba mwandishi wa kitabu hicho ndiye huyo aliyekaa mbele yake. Ikabainika kuwa bwana huyo hakuwa amekisoma. Alisoma habari zake gazetini tu.

Insha yenyewe haikutumia neno mansplaining. Lilizuka mtandaoni muda mfupi baadaye, mwaka huohuo.

Kuenea

Kamusi ya Macquarie ya Australia ililiteua kuwa neno la mwaka 2014, na Oxford English Dictionary ikaliingiza mwaka 2018. Nchini Sweden, chama cha wafanyakazi cha Unionen kilifungua mwaka 2016 laini ya simu ya muda kwa waliokumbwa na tabia hiyo kazini.

Ukosoaji

Wapo wanaosema neno hili hutumika ovyo kumnyamazisha mwanamume yeyote anayetoa hoja. Solnit mwenyewe ameeleza mashaka yake: linaweza kufanya kosa la baadhi ya wanaume lionekane kuwa maumbile ya wote.