Upofu wa Maneno: Disleksia Mikononi mwa Madaktari wa Macho

Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika unaompata mtu mwenye akili timamu na aliyefundishwa ipasavyo, ilianza kuchunguzwa kitabibu barani Ulaya katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na wengi wa waliotangulia kuichunguza walikuwa madaktari wa macho, kwa kuwa mzazi anayemwona mwanawe akishindwa kusoma hushuku macho kabla ya kitu kingine. Mwaka 1877 Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno, ambapo mgonjwa huona na kusema vizuri lakini hawezi tena kusoma. Miaka 10 baadaye Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, alichapisha kitabu kilichoitumia istilahi ya disleksia. Wote wawili waliwazungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika.

Aliyemwingiza mtoto katika mjadala huo ni W. Pringle Morgan, daktari wa Seaford, Uingereza, ambaye tarehe 7 Novemba 1896, katika jarida la British Medical Journal, alieleza habari za Percy, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifundishwa tangu alipotimiza miaka 7 na bado akayasoma kwa taabu hata maneno ya silabi moja. Percy alikosea kuandika jina lake mwenyewe asitambue kosa, ilhali hesabu za tarakimu hazikumshinda, na mwalimu wake aliamini kwamba angewapita wenzake wote iwapo masomo yangetolewa kwa mdomo tu. Ushahidi huo wa mwalimu una uzito kuliko nadharia nyingi zilizofuata.

Mojawapo ya nadharia hizo ni ya Samuel Orton wa Marekani, aliyedai mwaka 1925 kwamba pande mbili za ubongo hushindana, ndiyo maana mtoto huzigeuza herufi. Dai hilo halikudumu. Kilichodumu ni mbinu aliyoiendeleza mshirika wake, mwalimu Anna Gillingham, ya kufundisha herufi na sauti kwa jicho, sikio na mkono kwa pamoja.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Frank Vellutino aliwapa watoto herufi za Kiebrania wasizozijua wazitazame kisha wazinakili, na waliokuwa dhaifu katika kusoma wakafanya sawa na wenzao. Basi jicho halikuwa na hatia: kiini cha tatizo, kama mwanasaikolojia Isabelle Liberman naye alivyosisitiza, kilikuwa katika kulichambua neno kwa sauti zake. Hata hivyo fikra ya zamani haikufa, kwani tangu miaka ya 1980 lenzi za rangi zimeuzwa kama dawa. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani vilitamka kwa pamoja kwamba lenzi hizo hazina ushahidi wa kutosha, vikashauri mtoto apimwe macho, kisha msaada wa kusoma autafute kwa walimu.