Maambukizi ambayo hayajaonyesha dalili

Mtoto kazaliwa na kilo zake tatu, analia kwa nguvu, ananyonya, macho hayana umanjano. Hata hivyo, mate na mkojo wake vina sitomegalovirusi, virusi alivyovipata akiwa tumboni. Jina hilo refu, alilolipendekeza Thomas Weller mwaka 1960, linatokana na seli zinazovimba zikiambukizwa. Hali ya mtoto huyu kwa kawaida huitwa "maambukizi yasiyo na dalili".

Kwa mtu mzima mwenye afya, sina ugomvi na istilahi hiyo. Wengi huzeeka na virusi hivi bila kujua. Kwa kichanga inatuliza watu mapema mno. Kati ya watoto 10 wanaozaliwa navyo, takriban 9 hawana dalili yoyote siku ya kuzaliwa. Lakini miongoni mwa hao wasio na dalili, asilimia 10 hadi 15 hupungukiwa na uwezo wa kusikia, baadhi yao miezi au miaka baadaye. Mtoto aliyepimwa masikio hospitalini akaonekana mzima anafika miaka mitatu haitiki akiitwa kwa nyuma, na nyumbani anaambiwa mkaidi.

Hapo ndipo kiambishi -ja- kinapotufaa. "Hayana dalili" hufunga hesabu. "Hayajaonyesha dalili" huiacha wazi, wala haitabiri kwamba lazima zije, maana watoto wengi hawatadhurika kamwe. Basi nasema "maambukizi ambayo hayajaonyesha dalili", urefu wake na uvumiliwe. "Maambukizi fiche" ni fupi zaidi, ila hilo ningeliweka kwa virusi vilivyolala ndani ya seli. Vya kichanga huyu havijalala, vinazaliana na kutoka kwenye mate.

Kipimo nacho kina muda wake. Sampuli ya mkojo au mate ichukuliwe ndani ya siku 21. Baada ya hapo ni vigumu kujua kama mtoto aliambukizwa tumboni au kwa maziwa ya mama, njia ambayo kwa mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake kwa kawaida haina madhara. Ontario, Kanada, ilianza kuwachunguza watoto wote wachanga mwaka 2019, na Minnesota, Marekani, ikafuata 2023. Kwingi kwingine anayepimwa ni yule aliyetiliwa shaka, na huyu wetu hakuna anayemshuku. Akibahatika kupimwa na virusi vikaonekana, kadi yake ya kliniki iandikwe: hajaonyesha dalili, apimwe masikio tena, na tarehe ya kurudi ijazwe hapo hapo.