Shufwa na Witiri: Hesabu ya Wawili Wawili Katika Pwani Yetu

Mtoto wa pwani ya zamani, kabla hajajua kushika kalamu, alikuwa amekwisha kulisikia neno witiri. Kwani kila usiku baada ya isha wazee wake walisimama kusali rakaa ambazo idadi yake haikubali kugawanyika nusu kwa nusu, uchache wake ukiwa moja na wingi wake kumi na moja kwa madhehebu ya Imamu Shafii, na yeye, akiwa amejinyosha mkekani karibu na mswala wa bibi yake, alizihesabu rukuu kwa macho yaliyokwisha kujaa usingizi. Hakuambiwa kwamba hilo ni somo la hesabu. Somo, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuanza.

Neno shufwa nalo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza si kugawanya bali ni kuambatisha, yaani kukitia kitu kimoja ubavuni mwa kingine hata viwe viwili. Katika shina hilo hilo ndimo lilimotoka neno shufaa, maana yake uombezi, kwa kuwa mwombezi huiambatisha sauti yake na sauti ya mwenye haja, asibaki mnyonge huyo kusema peke yake. Witiri ni kinyume chake: kilicho pekee, kisicho na mwenzi. Mwenyezi Mungu ameapa kwa vyote viwili mwanzoni mwa sura ya 89, Al-Fajiri, na watoto wengi waliihifadhi sura hiyo chuoni, mbele ya mwalimu wao, miaka kadhaa kabla ya kuuona ubao wa shule ya serikali. Mimi nashikilia kwamba mwalimu aijuaye maana hii ya kuambatisha amekwisha kufika nusu ya safari. Maana hatamwanzia mtoto mdogo kwa kugawanya kwa mbili na kutafuta baki, mambo yaliyo mazito kwa umri wake, bali atamwambia avipange vitu vyake kila kimoja na mwenziwe, kisha atazame kama yuko aliyeachwa.

Ibada ilipenda witiri. Takbira za rakaa ya kwanza ya sala ya Idi ni saba na za rakaa ya pili ni tano. Mizunguko ya tawafu ni saba. Sanda ya mwanamume ni nguo tatu na ya mwanamke ni tano. Na asubuhi ya Idi Fitiri tende huliwa kwa witiri kabla ya kutoka kwenda kusali. Hata lile neno la zamani fungate, ambalo sasa twalijua kwa siku saba za arusi tu, lilikuwa ndilo jina la saba katika hesabu ya wahenga, kabla ya neno la Kiarabu kulirithi mahali pake.

Lakini kama msikiti ulikuwa makao ya witiri, soko lilikuwa milki ya shufwa. Kanga haikuuzwa moja, iliuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana ambavyo mwenyewe huvikata na kuvipinda. Nguo za jumla zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Na nafaka ilipimwa kwa pishi, ambayo ni vibaba vinne, hata mtoto aliyetumwa mchele wa nusu pishi alijua pasipo kufundishwa kwamba vibaba viwili vitamiminwa kikapuni mwake. Na juu ya vyote ilikuwapo rupia. Rupia ya Kihindi, iliyotumika Unguja, Mombasa na Mrima katika karne ya kumi na tisa, ilikuwa na pesa 64 za shaba, mfano wa zile alizozitoa Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, mwaka 1882 zenye sura ya mizani. Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyo laini mkononi: nusu ya rupia ni pesa 32, robo yake ni 16, thumuni ni 8, ana ni 4, nusu ana ni 2, hata tuifikie pesa moja iliyosimama pekee, mara sita umeigawa rupia nusu kwa nusu, na katika mara zote sita hakikubaki kitu cha kugombaniwa.

Ajabu ni kwamba bao letu nalo lina kete 64. Sisemi kwamba moja limezaliwa na jingine, lakini vidole vilivyozoea hili havikuona ugeni katika lile. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, nalo ni gumu, kwani huanza kwa kunamua, yaani kuingiza kete moja moja kutoka mkononi, na kila mchezaji huwa na kete 22 za kuanzia mkononi. Bali bao la kujifunza, lile wapewalo watoto, hutiwa kete mbili katika kila shimo, mashimo yote 32, na mchezo huanza. Basi kabla ya hila na kabla ya kutekana, mtoto hupanga jozi 32 kwa mkono wake mwenyewe, na kete ikipotea mchangani, shimo lenye kete moja humwonyesha mara hiyo hiyo.

Mwaka 1904 Wajerumani waliivunja hesabu ya 64 katika sehemu waliyoitawala, wakaifanya rupia kuwa na heller 100, na kutoka katika heller hizo ndipo tulipopata neno hela. Shilingi ilipoletwa mwaka 1921, ilikuja na senti 100 vile vile, ingawa Unguja ilikaa na rupia hadi 1936. Mia ni shufwa, sikatai, lakini haiendi mbali: nusu yake ni 50, nusu ya 50 ni 25, na hapo mtoto hukwama. Naona kwamba tangu hapo duka liliacha kuwa chuo cha shufwa, na kazi hiyo ikamwangukia mwalimu wa darasani.

Na baada ya mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania, maneno yale mawili ya mkekani yaliandikwa ubaoni: namba shufwa, namba witiri. Vihesabio vikawa vizibo vya soda, kokoto na vijiti. Mwalimu mzuri humwacha mtoto avipange viwili viwili juu ya dawati, asimharakishe. Na siku mtoto atakapouliza kuhusu sifuri, amwambie afumbue kiganja kitupu na kutafuta kama humo mna kizibo kilichokosa mwenziwe.