Subaru Forester au Nissan X-Trail: mnunuzi atazame nini?

Mnunuzi wa gari la familia mjini Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mwenye fedha za kupata gari la aina ya SUV lenye injini ya lita 2 lililokwisha kutumika Japani, mara nyingi hujikuta mbele ya majina mawili: Subaru Forester na Nissan X-Trail.

Mara nyingi pia fedha hizo si za mtu mmoja. Huwa ni akiba ya miaka kadhaa ya ndugu aliyeko Muscat, Doha au Birmingham, ikijaliziwa na mkopo wa chama cha akiba cha aliyebaki nyumbani. Giaboksi ikifa miezi sita baada ya gari kutoka bandarini, hakuna wa kurudishiwa gari wala wa kudaiwa fedha. Kwa sababu hiyo swali la lipi lifaalo lina uzito kuliko ubishi wa mashabiki wa Subaru na wa Nissan, ambao hauna mwisho.

Matoleo yanayokutana zaidi sokoni ni Forester ya kizazi cha nne, inayotambulika kwa herufi SJ, iliyozinduliwa Japani Novemba 2012 na kufuatwa na kizazi kipya mwaka 2018. Na X-Trail ya kizazi cha tatu, T32, iliyoanza kuuzwa nchini humo Desemba 2013 na kuendelea hadi 2022.

Karatasi haisemi mengi

Mtu akisoma takwimu za watengenezaji peke yake hatapata jibu. Injini ya Forester isiyo na turbo ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,995 na nguvu za farasi 148. Ya X-Trail ina ujazo wa 1,997 na nguvu za farasi 147. Forester ina urefu wa mita 4.595, X-Trail mita 4.64. Vipimo vya mafuta vilivyofanywa Japani viliyapa yote mawili takriban kilomita 15 hadi 16 kwa lita, idadi ambayo dereva wa foleni za Barabara ya Mandela mjini Dar es Salaam anaweza kuisahau mara moja. Kwa matumizi ya mjini, kilomita 8 hadi 11 kwa lita ni matarajio yaliyo karibu zaidi na ukweli.

Tofauti yenyewe imo chini ya sakafu. Kila Forester SJ iliyouzwa Japani husukumwa na magurudumu yote manne wakati wote. X-Trail iliuzwa kwa namna mbili: yenye kusukumwa na magurudumu ya mbele tu, na yenye uwezo wa magurudumu manne. Hata hii ya pili, katika hali ya kawaida, hutegemea zaidi magurudumu ya mbele na kuyaita ya nyuma pale utelezi unapoanza.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kwa umbo la nje X-Trail hizo mbili ni pacha, na tangazo la muuzaji huweza kukaa kimya. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama karibu na mkono wa gia: yenye magurudumu manne ina kitufe cha kuzungusha chenye maandishi 2WD, AUTO na LOCK. Pasipo na kitufe hicho, gari ni la magurudumu mawili, hata muuzaji aape vipi.

Kwa familia inayokwenda kijijini mara kwa mara wakati wa masika, kwenye udongo wa milima ya Usambara, Kisii au Kigezi, Forester ina faida isiyopingika. Tumbo lake liko sentimita 22 juu ya ardhi, juu kidogo kuliko la X-Trail, na matoleo mengi yana mfumo wa X-Mode unaosaidia gari kupanda na kushuka kwenye utelezi kwa mwendo wa chini ya kilomita 40 kwa saa. Si Land Cruiser, na asidhani mtu kwamba ni Land Cruiser. Lakini itarudi mjini.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika gari linalosukumwa na magurudumu manne muda wote, tairi zote nne zinapaswa kulingana kwa aina na kwa kiasi cha kulika. Mwenye Forester aliyepasuka tairi moja, akafunga moja mpya kando ya tatu zilizochakaa, hulazimisha sehemu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kufanya kazi bila kupumzika, na sehemu hiyo huungua. Wanunuzi wanaolikagua gari kwa makini huanza kwa kusoma maandishi ya tairi, moja baada ya nyingine.

Injini: moja imelala, nyingine imesimama

Injini ya X-Trail ni ya kawaida, silinda nne zilizosimama mstari mmoja, na fundi yeyote wa gereji ya mtaani ameshaiona ya namna hiyo. Injini ya Forester imelala: silinda mbili upande huu na mbili upande ule, zikitazamana. Mpangilio huo hushusha uzito wa gari na kulifanya litulie kwenye kona. Pia hulifanya fundi asiyeizoea apate tabu, kwa sababu hata kubadilisha plagi ni kazi ya kupenyeza mkono kati ya injini na ubavu wa gari.

Sifa mbaya ya Subaru ya kuunguza gasketi ilitokana zaidi na injini za zamani za familia ya EJ, hasa za lita 2.5. Forester SJ isiyo na turbo hutumia injini ya FB, ambayo ina mnyororo wa taiming badala ya mkanda. Hata hivyo, injini za FB za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili. Mwenye gari hilo hana budi kupima oili kwa kijiti mara kwa mara, bila kungoja taa iwake.

Ipo pia Forester ya turbo, iitwayo XT, yenye nguvu za farasi 280. Inataka petroli ya daraja la juu, inataka oili kubadilishwa mapema, na historia yake ni muhimu kuliko bei yake. Gari la namna hiyo lililopita mikononi mwa vijana watatu si gari la familia tena, hata likipakwa rangi upya.

Giaboksi, palipo na fedha

Kama kuna sehemu moja inayostahili kuamua ununuzi huu, ni giaboksi. Karibu X-Trail zote za T32 zilizouzwa Japani, na sehemu kubwa ya Forester SJ, hutumia giaboksi ya CVT. Giaboksi hii haina ngazi za gia za kawaida. Ina puli mbili zinazotanuka na kubana, zikiunganishwa na mkanda wa chuma katika Nissan na mnyororo katika Subaru. Ni laini, na huokoa mafuta. Lakini haivumilii joto, wala oili isiyo yake.

Hakuna upande unaoweza kujigamba hapa. Nchini Marekani, ambako X-Trail hii iliuzwa kwa jina la Rogue, Nissan iliongeza muda wa dhamana ya CVT kwa magari ya miaka ya 2014 hadi 2018 kufikia miezi 84 au maili 84,000, yaani takriban kilomita 135,000. Subaru nayo iliongeza dhamana ya CVT ya Forester za miaka hiyo hiyo kufikia miaka 10 au maili 100,000, takriban kilomita 161,000. Mtengenezaji haongezi dhamana ya kitu kisichomletea malalamiko. Na dhamana hizo hazimfuati mnunuzi wa gari la Japani lililoshushwa Mombasa.

Dalili za CVT iliyochoka hujulikana. Gari hutetema likiondoka taratibu; injini hupiga kelele bila mwendo kuongezeka; au baada ya kupanda mlima mrefu na mzigo, kama Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu ukielekea Nairobi, nguvu hupungua ghafla hadi gari lipoe. Muuzaji asiyeruhusu gari lijaribiwe kwa nusu saa, pamoja na kilima, amekwisha kumjibu mnunuzi.

Kosa linalofanyika zaidi kwenye gereji ni kumimina oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida. Nissan hutaka oili yake maalumu iitwayo NS-3; Subaru nayo ina yake. Kabla ya kuchagua kati ya magari haya mawili, ni busara kuuliza kama oili hizo hupatikana katika mji ambamo gari litaishi, na kama yupo fundi mwenye kompyuta ya kusoma giaboksi hizo. Mkazi wa Nairobi atawapata wa magari yote mawili. Mkazi wa Songea au Arua huenda akampata wa moja tu, na hilo linaweza kumaliza mjadala.

Idadi ya watu

Forester ina viti vitano. X-Trail iliuzwa pia na safu ya tatu, jumla viti saba, ingawa safu hiyo inawafaa watoto zaidi ya wajomba. Familia yenye watoto wanne na bibi anayekaa nao haihitaji kusoma zaidi kuhusu milima na utelezi. Baadhi ya matoleo ya X-Trail yana pia viti vyenye kitambaa kisichopenyeza maji, jambo dogo dukani na kubwa siku ya kurudi Feri na samaki. X-Trail ya haibridi, iliyotoka mwaka 2015, ina viti vitano tu, na betri yake iko chini ya sehemu ya mizigo. Umri wa betri hiyo uulizwe kabla ya bei.

Umri na ushuru

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu mwaka wa usajili wake wa kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, yalikubaliwa yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Forester SJ za mwisho zilikuwa na hadi Desemba mwaka huo kuingia, ilhali X-Trail T32, iliyoendelea kuuzwa hadi 2022, ilibakiwa na miaka zaidi. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Tanzania haifungi mlango, bali hutoza: kwa viwango vya mwaka 2024, gari dogo la miaka 8 hadi 10 lililipa asilimia 15 ya ziada, na la zaidi ya miaka 10 asilimia 30.

Ujazo wa injini nao una neno. Kwa viwango hivyo vya Tanzania, gari linalozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini lisilozidi 2,000 lilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na lililozidi hapo asilimia 10. Yote mawili yamo ndani ya mpaka kwa tofauti ya vijiko vichache. Lakini Forester ya kizazi kilichofuata, SK, ilianza mwaka 2018 ikiwa na injini ya lita 2.5 au ya haibridi ya lita 2, na anayeichagua ile ya kwanza huvuka mpaka huo.

Walio ughaibuni hukabiliwa na hesabu nyingine. Gari la Marekani au Ghuba lina usukani wa kushoto, na Kenya hairuhusu magari ya kawaida ya namna hiyo kuingizwa. La Uingereza lina usukani wa kulia, lakini X-Trail nyingi za huko ni za dizeli, zenye kichujio cha moshi kinachoziba gari likitumika kwa safari fupi za mjini. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi nayo huacha kutu chini ya gari. Anayerejea nyumbani moja kwa moja anaweza kupata msamaha wa ushuru chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mradi gari awe amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12. Gari lililonunuliwa mwezi mmoja kabla ya safari halihesabiki.

Kabla ya kutuma fedha

Magari mengi ya Japani hupita kwenye mnada, na kila moja hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama na idadi ya kilomita. Herufi R kwenye alama huonyesha kuwa gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi hiyo iombwe, na kilomita zake zilinganishwe na zile za picha ya dashibodi. Nambari ya chasisi ichunguzwe kwenye tovuti ya mtengenezaji, kuona kama gari liliwahi kuitwa kiwandani kurekebishwa.

Kwa Forester yenye mfumo wa EyeSight, kioo cha mbele kitazamwe. Kamera zake mbili hutazama kupitia kioo hicho, na kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya, breki za tahadhari huweza kukosea umbali.

Gari lililo tayari nchini likaguliwe injini ikiwa baridi, kwani mlio wa mnyororo wa taiming uliolegea na moshi wa oili huonekana zaidi dakika ya kwanza. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla mnunuzi hajafika aombwe miadi nyingine, asubuhi ya siku inayofuata.