Kukagua, Kuhakiki na Kuthibitisha

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja cha mjini kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, iliyopitia miswada ya vitabu vya shule. Hapo ndipo tofauti ya vitenzi vyetu inapodhihirika. Kukagua ni kutafuta kasoro. Kuhakiki, kutoka Kiarabu, ni kuutafuta ukweli wa jambo. Kuthibitisha ni kulifanya lithibiti. Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, Mwingereza, aliweza kukagua na hata kuhakiki. Lakini nani athibitishe kwamba neno ni la Kiunguja, kama si msemaji wa Amani au Ng'ambo? BAKIZA ilipotoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, wenyeji nao walishika kalamu ya kuthibitisha.